Miezi ya Kumzika Githinji

Jumatatu, 3 Julai

Ukungu mpaka saa nne. Nyama ilichelewa kutoka kichinjioni, ikafika mhuri wa ukaguzi umefutika nusu, nikabishana na dereva. Baridi ya Gatitu mwezi huu inaingia hadi kwenye vidole. Kisu kinateleza. Matumbo yameisha kabla ya saa sita. Watu wanataka supu.

Githinji alipita, jicho limevimba. Jana vijana wa stendi walimkamata mwizi wa simu karibu na kinu cha unga. Wakamvua nguo, wakaanza mawe. Githinji akajipenyeza katikati. Jiwe moja likampata yeye. Akamshika yule mwizi kiunoni na kutembea naye hadi kituoni, watu wakiwatemea mate wote wawili.

Nilimwambia ni mjinga. Mtu huyo huyo aliiba simu ya mke wangu Nyawira mwaka jana.

"Kariuki, mimi sikusema hakuiba," akanijibu. "Nimesema afike kortini na miguu yake."

Kisha akachukua kiti changu bila kuomba, akaketi mlangoni kuota jua, akawazibia wateja njia.

Ijumaa, 7 Julai

Kazi nyingi. Harusi kesho Kiganjo, wamechukua mbuzi wazima.

Watu hututania sisi wawili. Jina Githinji kwa Kikuyu ni mchinjaji, na yeye hata kuku huchinjiwa na mkewe Wairimu. Mimi ndiye mwenye shoka. Alikuwa naibu wa chifu hapa mpaka alipostaafu, na tangu astaafu hana siku ya kupumzika. Anapeleka chai kwa watu wa seli. Anapanga foleni na akina mama wazee wasio na vitambulisho. Mtu akishikwa na asipelekwe kortini kwa wakati, Githinji yuko kituoni, ameegemea kaunta, anauliza kwa nini. Polisi wamemchoka. Siku zingine hata mimi. Anaongea mno. Akianza habari ya haki za raia nyama inaweza kuoza hapo hapo kwenye ndoano.

Sasa ni habari ya kiwanja cha zahanati. Kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na bucha yangu. Wazee walikitenga zamani, kila mtu anajua. Mwezi uliopita tajiri mmoja wa mjini alikizungushia mabati na kuweka walinzi. Mkubwa wa walinzi ni Muriuki, mtu wa Kianyaga, shingo nene, mpole wa sauti. Kila siku hununua maini kwangu. Habishani. Nilikuwa nampenda.

Githinji amekwenda korti ya Nyeri kuomba ujenzi usimamishwe.

Jumatano, 12 Julai

Wamemkata kichwa mbwa wa Githinji.

Wairimu alikikuta asubuhi akienda kukamua ng'ombe. Kiliwekwa juu ya nguzo ya lango, kimeelekezwa nyumbani. Mwili ulikuwa mtaroni. Githinji alimzika mwenyewe nyuma ya migomba, kisha akaja hapa na buti za mpira zenye udongo, akaomba chai. Akaniomba nisimwambie mtu. Nimewaambia wote.

Saa saba Muriuki akaja kununua maini. Nilimuuzia. Niliangalia mikono yake wakati wote. Ilikuwa safi.

"Mzee Githinji yuko aje?" akaniuliza.

Nikamwambia yuko sawa. Akasema, "Mwambie aangalie afya yake," akaondoka na kifurushi chake.

Nina hasira. Ningemrudishia ile nyama usoni. Sikufanya hivyo.

Alhamisi, 13 Julai

Nimemwambia Githinji aiachie korti na mawakili wafuate. Akae nyumbani kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema mwaka ule mimba ya kwanza ya binti yake ilipoharibika, walimbeba kwenye mkokoteni kutoka hapa hadi mjini, kwa kuwa Gatitu hakuna zahanati. Mvua ilikuwa inanyesha. Mtoto wa tumboni alifia njiani.

Tumejuana tangu shule ya msingi. Hakuwahi kuniambia hilo.

Sikumwambia tena akae nyumbani.

Jumatatu, 17 Julai

Korti imetoa amri. Ujenzi usimame mpaka kesi isikizwe. Githinji alifika mbio, koti halijafungwa, akainua karatasi juu kama mtu aliyejishindia mbuzi. Alikula mutura wangu, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, moto moto, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko, yeye ambaye kila siku anasema daktari amemkataza. Aliimba. Anaimba vibaya sana. Kanisani mwalimu wa kwaya humweka mstari wa nyuma kabisa.

Kesho ataibandika kwenye mabati watu wote waione. Nimemwambia aende na askari. Amesema ameomba, wamemwambia gari halina mafuta.

Jumanne, 18 Julai

Wamempiga.

Saa tisa alasiri, mchana peupe. Alikuja na karatasi yake na gundi kwenye kikopo. Akaibandika kwenye mabati. Akaanza kuisoma kwa sauti. Watu walisimama kusikiliza, mama wa mboga, vijana wa boda. Walinzi wakatoka. Muriuki alikuwa na nondo.

Sikusikia walichoambiana. Nilimwona Githinji akiinua mkono. Si kujikinga. Alikuwa anaonyesha karatasi. Muriuki akampiga kichwani. Githinji akaenda chini kwa magoti. Muriuki akampiga tena. Sauti ile ninaijua. Ninaisikia kila siku kwenye gogo langu nikivunja mfupa wa paja.

Nilivuka barabara na shoka. Pikipiki nusura inigonge. Nilipofika Muriuki alikuwa ameitupa ile nondo. Akanitazama, akatazama shoka, akageuka akaenda. Alitembea. Hakukimbia. Wale wengine wakamfuata. Ningemfikia. Lakini Githinji alikuwa amenishika suruali, amekaza vidole, na sikuweza kujitoa bila kumburura.

Hakuna mtu aliyesogea. Watu wote wale.

Tulimweka nyuma ya pikapu ya maziwa. Kichwa chake kwenye mapaja yangu mpaka hospitalini. Damu ilitoka masikioni. Alisema neno moja tu, na halikuwa neno kubwa. Alisema, "Baridi."

Nimevua nguo. Nyawira anataka kuzifua. Nimemkataza.

Jumatano, 19 Julai

Yuko kwenye mashine. Fuvu limepasuka mahali pawili. Wairimu ameketi kwenye benchi la nje, hali, halii. Nimeandikisha taarifa kituoni. Nimetaja jina la Muriuki, nondo, kila kitu. Askari aliandika polepole. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia mtu huyo amenunua maini kwangu tangu Juni, uso wake ninaujua kuliko wa shemeji yangu.

Muriuki ametoweka. Mabati yako pale pale. Amri ya korti imechanwa.

Ijumaa, 21 Julai

Githinji amekufa leo asubuhi.

Jumapili, 23 Julai

Sikwenda kanisani. Nilinoa visu vyote. Hata vile ambavyo sitavitumia.

Ijumaa, 28 Julai

Tumemzika. Watu walijaa shamba la Githinji mpaka kwenye kahawa ya jirani. Walikuja watu nisiowajua kutoka Kerugoya, kutoka Othaya, vijana waliowahi kulala seli na kunywa chai yake. Yule mwizi wa simu alikuwepo. Alibeba jeneza upande wa kushoto, analia kama mtoto. Hakuna aliyemfukuza.

Mheshimiwa mmoja alitaka kuzungumza. Wairimu akamnyang'anya kipaza sauti, akanipa mimi. Nilisimama pale kama gogo. Nilisema Githinji alikuwa mtu mzuri, apumzike. Nikakaa.

Nilichotaka kusema ni hiki. Kwamba alipokuwa naibu wa chifu alikataa kuweka sahihi wakati wajane wa bondeni walipokuwa wafukuzwe shambani, wakubwa wakamhamisha mbali, akarudi baada ya miaka akiwa amekonda na hajabadilika. Kwamba Nyina wa Wachira alipata kitambulisho akiwa bibi kizee kabisa, kwa sababu Githinji alienda naye ofisini kila wiki mpaka karani akawa anajificha akiwaona. Kwamba siku alipopiga kura kwa mara ya kwanza bibi huyo alivaa nguo ya harusi ya binti yake. Kwamba Githinji alikuwa msumbufu, mchelewaji, alinikalia kiti changu, alinipigia simu alfajiri kuniuliza kama nimesoma katiba aliyonipa. Sikuisoma. Kwamba hakuwahi kumwita mtu yeyote takataka, na mimi huwaita watu hivyo kila siku. Kwamba sijui nitakaa na nani.

Baada ya udongo kufunika, vijana wakasema twendeni. Tukaenda. Nilikuwa mbele. Tuliyang'oa yale mabati kwa majembe na mikono, yakatukata, tukayakunja, tukayachoma pamoja na kibanda cha walinzi. Mlinzi mmoja mpya alitolewa humo ndani akakanyagwa mpaka akatapika damu. Nilimkanyaga pia. Hakuwa hata hapa siku ile. Polisi wakaja na vitoa machozi. Kila mtu alikimbia akikohoa, akina mama na kofia zao za mazishi.

Wairimu hakuja. Alituangalia tukitoka kwenye lango lake. Nilimwona usoni na bado nikaenda.

Alhamisi, 3 Agosti

Mabati mapya. Mekundu safari hii.

Nilikwenda kituoni kuuliza. "Tunamtafuta, mzee. Hata sisi ni watu," askari akaniambia. Nikauliza mmemtafuta Kianyaga kwao? Akasema wametuma habari. Githinji angeegemea kaunta ile mpaka jioni. Mimi nilipiga kaunta ngumi, wakanitoa nje.

Jumatano, 9 Agosti

Sina usingizi. Nikikata nyama ninamwona yeye. Si Githinji. Muriuki. Ninapima mahali kisu kingepita. Leo mteja aliniuliza mara tatu kama ni mbuzi au kondoo, sikumsikia. Nyawira anasema nimekuwa na macho mabaya.

Namchukia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mahali pengine. Nataka afe, na ajue anakufa, na iwe polepole.

Jumatatu, 14 Agosti

Kesho soko la mifugo Kerugoya. Nahitaji ng'ombe. Nimefunga kisu kidogo cha kuchunia ndani ya soksi. Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Kianyaga si mbali kutoka pale.

Ijumaa, 18 Agosti

Hospitali, Kerugoya. Naandika kwa mkono wa kushoto. Mwandiko wa kuku.

Jumanne ilikuwa hivi. Nilinunua ng'ombe, nikamkabidhi mtu wa lori. Nikaenda kutafuta chai karibu na stendi. Muriuki alikuwa pale, ameketi kwenye benchi la hoteli, anakula githeri, mahindi na maharagwe. Amenyoa kichwa. Amevaa kofia ya vijana wa kanisa. Nilimjua kwa shingo.

Mkono ulienda kwenye soksi. Lakini yeye ni mkubwa kuliko mimi, na nilijua nitakosea, atanipokonya kisu. Kwa hiyo nilifanya jambo jingine. Nilisimama katikati ya barabara nikamwonyesha kidole nikaita, "Mwizi."

Mara moja tu. Ilitosha.

Kerugoya hawamjui Githinji. Ningeita muuaji, wangeniuliza muuaji wa nani. Mwizi hawaulizi. Nilijua hivyo. Nilijua kabisa.

Walitoka kila mahali. Vijana wa boda, wabeba mizigo, mtu wa viatu na nyundo yake. Sahani ya githeri ikaruka. Walimvuta kwa miguu, kichwa kikagonga ngazi. Akajaribu kusema, mtu akampiga jiwe la mdomo, meno yakatoka. Wakamvua shati. Mwenye nyundo akampiga goti. Alilia. Ana sauti ndogo akilia. Mimi nilikuwa nimesimama kando na nilikuwa na furaha. Nitaandika ukweli. Nilifurahi. Nilitaka anione. Nilisogea mpaka akaniona, na alinitambua, na nilitaka zaidi.

Kisha tairi likaja. Mtu mmoja mwenye fulana ya timu ya mpira alikuja akiliviringisha, anacheka, kama analeta kitu kwenye sherehe. Mwingine alikuwa na chupa ya petroli. Walimmwagia miguuni kwanza. Mama mmoja alikuwa amemnyanyua mtoto wake begani aone vizuri. Yule mtoto alikuwa anakula mahindi.

Sijui ni kitu gani. Sikusikia sauti ya Githinji, wala sikumwona. Watu watataka niseme hivyo. Nilitazama yule mtoto na mahindi yake. Nikasema, "Hakuiba. Nilidanganya." Hakuna aliyesikia. Nikapiga kelele. Mtu akaniambia, "Toka hapo, mzee, utachomeka." Kiberiti kikawaka.

Nililala juu yake.

Miguu yake ilikuwa imeshika moto. Niliipiga kwa koti langu, kwa mikono. Walidhani mimi ni mwenzake. Mawe yakaja mgongoni. Nyundo ikaja kwenye mkono wa kulia, ule wa shoka, mara mbili. Nilisikia ile sauti ya gogo tena, safari hii ilikuwa yangu. Muriuki chini yangu alikuwa amenishika shati. Nilimuuma sikio. Sijui kwa nini nalo hilo. Nilikuwa bado namchukia, nilikuwa nimemlalia na namuuma sikio.

Polisi walipiga risasi hewani. Watu wakatawanyika. Chupa ya petroli ilibaki barabarani imesimama wima, hata haikumwagika yote.

Jumamosi, 19 Agosti

Mkono umevunjika mahali kadhaa. Plasta hadi kwenye kiwiko. Daktari anasema vidole viwili havitakunja tena vizuri. Mbavu. Viganja vimeungua. Naogopa kuuliza habari ya kazi.

Muriuki yuko wadi hii hii, kitanda cha dirishani, pingu kwenye chuma cha kitanda. Askari analala kwenye kiti. Miguu yake imefungwa bandeji nyeupe mpaka mapajani. Wanapobadilisha hizo bandeji wadi nzima inanyamaza.

Jumatatu, 21 Agosti

Leo alizungumza. Askari alikuwa ametoka kunywa chai.

"Ni wewe uliniita mwizi."

"Ni mimi."

"Sasa mbona ulinilalia?"

Nikamwambia sijui. Meno yake ya mbele hayapo, maneno yanatoka na upepo.

"Sikuambiwa nimuue," akasema. "Niliambiwa nimvunje mguu, asitembee-tembee kortini. Ile karatasi alikuwa ananisomea. Ati soma hapa, kijana. Mimi sijui kusoma. Alikuwa ananionyesha mbele ya watu nisome."

Nikauliza nani alimwambia amvunje mguu. Akataja. Jina nililolijua, kila mtu Gatitu analijua.

"Utasema hivyo kwa polisi?"

Alifumba macho. Nikageukia ukuta. Nilitaka kulia kwa ajili ya Githinji, aliyefikiri kila mtu akisomewa vizuri ataelewa. Badala yake nikawaza miguu ya huyu mtu na harufu yake. Nilikasirika kwamba hata machozi ya kumlilia Githinji yananyang'anywa.

Jumatano, 23 Agosti

Alisema. Mpelelezi alitoka Nyeri, akakaa naye asubuhi nzima, pazia limevutwa. Kisha akaja kwangu. Nikaeleza yote, na kisu, na neno nililoita. Akainua kalamu.

"Mzee, una uhakika unataka niandike hilo? Unaweza kushtakiwa."

"Andika."

Akaandika.

Jumapili, 27 Agosti

Wairimu alikuja. Alileta uji kwenye chupa, akanilisha kwa kijiko kwa kuwa mikono yangu haifai kitu. Nilisubiri uishe. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kuhusu neno nililoita, na furaha.

Alifunga chupa polepole.

"Nimesikia ulimwokoa," akasema. "Watu wa kanisa wanasema ulifanya kama Githinji."

"Mimi ndiye niliyemwita mwizi, Wairimu."

"Nimekusikia. Basi usiniambie lolote kati ya hayo ulilifanya kwa ajili yake. Ya kwanza wala ya pili. Wewe fanya yako, yawe yako."

Akasimama. Akielekea mlangoni alisita mbele ya kitanda cha Muriuki. Walitazamana. Nilidhani atamtemea mate. Askari pia alidhani hivyo, aliinuka. Wairimu alimtazama tu, uso, miguu, pingu, kama mtu anayesoma kitu chenye maandishi madogo. Kisha akatoka.

Jumapili, 3 Septemba

Nyumbani. Nyawira amefungua bucha na mpwa wake anayejua kukata. Nimeketi kwenye kile kiti alichonikalia Githinji. Miguu haina pa kuenda.

Wateja hawaji. Wanavuka barabara na kwenda bucha ya chini. Wamesikia kwamba nililala juu ya muuaji wa Githinji. Hawataki kusikia mwanzo wake. Leo asubuhi mlango ulikuwa umepakwa mavi ya ng'ombe, na juu yake mtu ameandika kwa kidole: RAFIKI WA NANI.

Nyawira alipangusa kwa maji moto. Nilimwomba anipe ndoo, nikashindwa kuishika.

Jumanne, 12 Septemba

Korti ya Nyeri. Muriuki aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Amekana kuua kwa kukusudia. Tajiri naye alikuwa kizimbani, suti ya kijivu, mawakili kama kunguru. Amekana yote. Ameachiliwa kwa dhamana, amri asikaribie Gatitu wala mashahidi. Kesi itaendelea mwakani.

Kuhusu mimi bado hawajaamua. Faili liko kwa mwendesha mashtaka.

Nje vijana walimzomea Muriuki. Mmoja akaokota jiwe. Nilimwona. Lakini yule mwizi wa simu alikuwepo, akamshika yule kijana mkono, akamwambia jambo sikioni. Jiwe likaanguka. Mambo yakaishia hapo. Sijui alimwambia nini.

Ijumaa, 22 Septemba

Korti imeamuru mabati yaondolewe wakati kesi ya kiwanja inangoja. Yameondolewa leo, na watu wa kaunti, kwa bisibisi na spana, taratibu, yakapangwa kwenye lori. Hakuna aliyepiga kelele. Niliona aibu nikikumbuka namna sisi tulivyoyang'oa yale ya kwanza. Nikakumbuka mlinzi tuliyemkanyaga. Nimemuulizia. Ni mtu wa Karatina, ameacha kazi, anakojoa damu mpaka leo. Nitakwenda kumwona. Naogopa.

Majani yameota pale ndani, marefu, ya kijani kibichi. Mbuzi waliingia mara moja.

Jumatano, 27 Septemba

Nimekwenda Karatina. Alikataa kutoka nje. Mke wake alipokea nyama niliyobeba, akafunga mlango. Nitarudi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mvua ya kwanza tangu asubuhi, nyembamba, ya kulowesha kahawa. Wateja wachache. Nyina wa Wachira alinunua utumbo, wa kwanza katika watu wa zamani kurudi. Hakueleza. Alilalamika kuhusu mizani kama zamani.

Saa nane hivi aliingia mama mzee nisiyemjua. Kitambaa cheupe kichwani, kikapu kimefunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa ameloa. Akasalimia kwa Kikuyu cha upande wa Kianyaga. Nikamjua kabla hajasema. Ana shingo ile ile.

Alisema, "Mimi ni mama yake Muriuki."

Nikampa kiti. Nyawira akaweka chai motoni.

Aliketi ameshika kikapu mapajani. Alisema huenda kumwona mwanawe gerezani, na siku hizi anaweza kusimama kidogo. Alisema alitaka kuona mahali. Nikamwonyesha kiwanja kupitia mlangoni, na pale yalipokuwa mabati, na pale Githinji alipoanguka. Alitazama mpaka chai ikapoa. Aliuliza kama mjane angekubali kumwona. Nikamwambia sijui, itabidi nimuulize kwanza. Akasema, "Muulize. Akikataa, amekataa."

Hakuomba msamaha kwa niaba yake. Mimi sikutoa. Sijamsamehe mwanawe na sijui kama nitamsamehe. Hakunishukuru pia, na nilifurahi kwamba hakunishukuru.

Alipoondoka aliacha kikapu. Nduma za shamba lake, yaani magimbi, zimeoshwa, zimekatwa vizuri. Nilimkimbilia nimrudishie. Alikuwa tayari ameshafika barabarani, anatembea na mvua, mkono mmoja umeshika kitambaa. Nikasimama pale kidogo na kikapu. Nikarudi.

Jioni Nyawira alizichemsha. Akaziweka mezani na chumvi. Nilimwambia sitaki.

Baadaye nikala.